Mto Usioonekana: Maji ya Kisauni Chini ya Mwamba wa Matumbawe

Utangulizi

Anayeitazama ramani ya Kisauni, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa, huona maji pande tatu: Hori la Tudor upande wa magharibi, Hori la Mtwapa upande wa kaskazini, na Bahari ya Hindi upande wa mashariki. Lakini akitafuta mto mkubwa wa kudumu unaoikata nchi hiyo na kumwagika katika ufuo wa Nyali, Bamburi au Shanzu, hauoni. Si kwamba mvua ni haba. Mombasa hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na sehemu kubwa hunyesha kati ya Aprili na Juni. Swali linalozuka basi ni jepesi kuuliza: maji yote hayo huenda wapi?

Makala hii inakusudia kueleza kuwa Kisauni inao mto wake, ila mto huo hauna kingo wala daraja. Hupita chini ya nyayo za wakazi, katika nyufa na mapango ya mwamba wa matumbawe, na safari yake ni fupi mno: kutoka makazi ya watu hadi baharini ni kilomita chache tu. Ufupi huo na uwazi wa njia yake ndio msingi wa hoja inayojengwa hapa, kwamba kisima, choo na mwamba wenye samaki baharini ni vituo vya mkondo mmoja. Jina Kisauni linatumika kwa maana yake pana ya zamani, pamoja na Kongowea, Nyali, Bamburi, Mtopanga na Shanzu, ingawa tangu uchaguzi wa 2013 Nyali ni eneo bunge linalojitegemea.

Asili ya mwamba

Ukanda wa pwani ya Kenya, kwa upana wa kilomita chache kutoka baharini, umeumbwa kwa mawe ya matumbawe. Mawe haya yalikuwa viumbe hai. Takriban miaka 125,000 iliyopita, kina cha bahari kilikuwa juu ya kile cha leo kwa mita kadhaa, na mahali palipo na barabara na nyumba leo palikuwa na mwamba wa matumbawe uliojaa samaki na kombe. Bahari iliporudi nyuma, mwamba huo uliachwa nchi kavu, ukakauka na kuwa jiwe la chokaa.

Bahari haikutua hapo. Katika kipindi cha mwisho cha barafu kuu duniani, yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi yalikuwa yameganda katika ncha za dunia, na kina cha bahari kilishuka kwa takriban mita 120. Mito ya wakati huo ilichimba mabonde marefu ili kuifikia bahari iliyokuwa chini. Barafu ilipoyeyuka, bahari ilipanda tena na kuyafunika mabonde hayo. Hori la Tudor, Hori la Mtwapa na bandari ya Kilindini ni mabonde ya mito yaliyozama kwa namna hiyo. Ndiyo maana bahari huingia bara kwa mikono mirefu iliyopinda kama mito.

Nyuma ya ukanda wa matumbawe kuna mchanga wa kale, na zaidi magharibi kuna miamba ya tope iliyogandamana tangu zama za mbali sana. Tofauti ya miamba hii huonekana wazi mvua inaponyesha. Juu ya miamba ya tope maji hayazami kwa urahisi. Hutiririka juu ya ardhi na kufanya mito, kama vile Kombeni na Tsalu inayomimina maji katika Hori la Tudor. Juu ya matumbawe maji hayatiririki mbali. Hunyonywa.

Jinsi maji yanavyojichongea njia

Jiwe la chokaa lina adui mpole. Mvua ishukapo huchukua hewa ya kaboni angani, kisha huchukua nyingine zaidi katika udongo wenye mizizi na majani yanayooza. Mchanganyiko huo huyageuza maji kuwa asidi hafifu, isiyoweza kuudhuru ulimi wala mkono, lakini yenye uwezo wa kuliyeyusha jiwe la chokaa polepole. Haba na haba hujaza kibaba: ufa mwembamba kama unywele hupanuka ukawa tundu, tundu likawa mfereji, na mfereji ukawa pango.

Wanajiografia huiita nchi ya aina hii kasti, kutokana na jina la eneo la Kras lililoko Slovenia na kuingia Italia. Dalili zake kuu ni tatu: mito ya juu ya ardhi ni michache, mashimo na mapango ni mengi, na maji yaliyozama hutokeza ghafla mahali pengine kama chemchemi.

Kiswahili kiliyatambua mambo haya kabla ya istilahi hiyo kufika. Mahali maji yanapobubujika kutoka ardhini huitwa chemchemi au jicho la maji. Maji yasiyo na chumvi huitwa maji matamu, maji baridi, na kwa wazee wa pwani pia maji ya pepo. Neno pwani lenyewe limetokana na kitenzi kupwa, yaani ni mahali bahari inapopwa. Kama itakavyoonekana, kupwa huko ndiko kunakofungua mlango wa mto usioonekana.

Kijito kifupi kinachozaliwa kikiwa kikubwa

Mto wa kawaida huanza kama mchirizi mlimani, ukakua kwa kupokea vijito. Kijito cha chemchemi ya kasti hakifuati mwendo huo. Huzaliwa kikiwa kimekwisha kukua, kwa sababu vijito vyake vyote vilikwisha kuungana gizani. Mfano maarufu duniani ni Mto Timavo. Huko Slovenia, Mto Reka huzama katika mapango ya Škocjan na kusafiri chini ya ardhi kwa takriban kilomita 40. Hutokeza karibu na Duino, Italia, kwa jina la Timavo, na kutoka hapo hadi Bahari ya Adriatiki ni kama kilomita 2 tu. Mto mzima unaoonekana unaweza kutembewa kwa nusu saa, ilhali maji yake yametoka mbali.

Katika pwani ya Waswahili, mfano wa karibu wa kijito kifupi cha chemchemi uko Unguja. Salme binti Said, aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Beit el Mtoni, alieleza katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 1886 kuwa kasri hilo lilipata jina kutokana na mto mdogo. Mto huo ulianzia maili chache tu ndani ya kisiwa, ukapita katika kasri na kuingia baharini papo hapo nyuma ya kuta zake. Kaskazini kidogo ya hapo ndiko iliko chemchemi ya Bububu. Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, aliyavuta maji ya chemchemi hiyo kwa mfereji hadi mjini Unguja.

Kwa nini Unguja Magharibi ikapata kijito na Kisauni isipate? Jibu liko katika umbo la ardhi. Maji yaliyozama hutokeza juu pale tu yanapozuiwa na tabaka lisilopenyeka, au pale ardhi inaposhuka hadi kukutana na usawa wa maji hayo. Upande wa magharibi wa Unguja una vilima na matabaka ya udongo mzito yanayoyalazimisha maji kutoka yakiwa bado juu ya usawa wa bahari. Hivyo hupata nafasi ya kutiririka kabla ya kumezwa na bahari. Ukanda wa matumbawe wa Kisauni ni tambarare, na mwamba wake una matundu hadi chini ya usawa wa bahari. Maji hayana kinachoyazuia. Husonga chini kwa chini mpaka ufuoni, na mlango wake ni mstari ule ule wa kupwa na kujaa.

Mtu anayepita ufuoni bahari inapopwa sana wakati wa bamvua anaweza kuiona milango hiyo. Bahari ya Mombasa hushuka na kupanda kwa takriban mita 3 hadi 4 siku za bamvua. Inaposhuka, vijichirizi vya maji yenye chumvi pungufu huonekana vikivuja katika mchanga na katika nyufa za mwamba, vikikimbilia bahari iliyorudi nyuma. Kila kimoja ni kijito cha hatua chache, na baada ya saa chache bahari hujaa na kukifuta. Huo ndio mto wa Kisauni unapojionyesha.

Maji matamu yaeleayo juu ya chumvi

Je, maji hayo yakiwa chini ya ardhi, bahari iliyo jirani haiyaharibu? Kwa kiasi fulani huyaharibu, lakini si yote. Maji ya bahari ni mazito kidogo kuliko maji ya mvua: lita moja ya maji matamu ikiwa na uzito wa gramu 1,000, lita moja ya maji ya bahari huwa na takriban gramu 1,025. Kwa sababu hiyo maji matamu huelea juu ya maji ya chumvi ndani ya mwamba, kama mafuta yanavyoelea juu ya mchuzi, na umbo lake ni kama la kombe lililojaa: nene katikati, jembamba kando ya bahari.

Kanuni ya uwiano huo ilielezwa na Badon Ghijben wa Uholanzi na Herzberg wa Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Kwa kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari, kuna takriban mita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Kanuni hii ina habari njema na onyo. Habari njema ni kuwa kinachoonekana kisimani ni sehemu ndogo ya akiba. Onyo ni kuwa pampu ikiyashusha maji ya kisima kwa nusu mita tu na kuyaweka hapo, mpaka wa chumvi chini yake unaweza kupanda kwa mita 20. Tena, katika mwamba wenye mapango, mpaka huo hauko sawasawa. Chumvi hupenya kwa kasi pale palipo na njia pana. Ndipo wakazi husema kisima kimegeuka: jana kilikuwa kitamu, leo kina chumvi.

Wajenzi wa kale walilifahamu tatizo hili. Ndani ya Ngome ya Yesu, iliyoanza kujengwa mwaka 1593 kwa mawe haya haya ya matumbawe, kuna kisima na pia birika la kukusanyia maji ya mvua. Aliyejenga vyote viwili alijua kuwa kisima cha karibu na bahari hakitegemewi peke yake.

Ushahidi wa wazi zaidi uko Bamburi. Kiwanda cha saruji kilichoanza uzalishaji mwaka 1954 kilichimba mwamba wa matumbawe kwa ajili ya malighafi, kikaacha mashimo mapana ambayo sakafu yake ilikaribia usawa wa maji ya ardhini. Mwaka 1971 René Haller alipoanza kuotesha miti katika machimbo hayo, kati ya aina 26 zilizojaribiwa ni aina 3 tu zilizostahimili, mvinje ukiwa mmojawapo, na chumvi katika maji ilikuwa mojawapo ya vikwazo vikubwa. Palipochimbwa zaidi kidogo, madimbwi yalijitokeza yenyewe. Hayakujazwa na mfereji wowote kutoka juu. Yalikuwa ni mto wa chini uliovuliwa paa lake.

Mwamba usiochuja

Katika mchanga, maji husafiri polepole, mara nyingi kwa sentimita au mita chache kwa siku. Katika safari hiyo vijidudu hunaswa na hufa. Katika mifereji ya kasti maji yanaweza kusafiri mamia ya mita kwa siku, hata zaidi. Mwamba huu ni ungo uliotoboka: maji hupita, na yaliyomo majini hupita pia.

Hapa ndipo jiografia inapogeuka kuwa suala la uhai. Daraja la kwanza la Nyali, lililoelea juu ya maji, lilifunguliwa mwaka 1931. Daraja la saruji linalotumika sasa lilifunguliwa mwaka 1980. Tangu hapo makazi yamepanuka kwa kasi. Katika sensa ya 2019, kaunti ya Mombasa ilikuwa na watu 1,208,333, na takriban nusu milioni kati yao waliishi Kisauni na Nyali. Maji ya mabomba ya Mombasa hutoka mbali, katika chemchemi za Mzima huko Tsavo, chemchemi za Marere katika milima ya Shimba, Baricho kando ya Mto Sabaki, na visima vya Tiwi. Hayatoshi. Bomba likikauka, watu hurudi kwenye visima au hununua mitungi ya lita 20 inayosukumwa kwa mikokoteni, na mara nyingi maji ya mitungi hiyo nayo yametoka kisimani.

Wakati huo huo, sehemu kubwa ya Kisauni haina mabomba ya maji taka. Nyumba hutumia vyoo vya shimo na mashimo ya kunyonya maji machafu. Mashimo hayo huchimbwa katika mwamba ule ule unaochimbwa visima, na aghalabu katika kiwanja kimoja. Wahenga walinena kuwa mchimba kisima huingia mwenyewe. Methali hiyo ilikusudiwa mwenye hila, lakini katika ardhi ya matumbawe inampata hata asiye na nia mbaya.

Wataalamu walilichunguza jambo hili Kisauni kupitia mradi wa mashirika ya Umoja wa Mataifa, UNEP na UNESCO, uliohusu maji ya ardhini katika miji ya Afrika. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2006 yalionyesha kuwa vijidudu vya kinyesi vilienea katika maji ya visima vya eneo hilo. Msimu wa mvua una hatari yake, kwa sababu usawa wa maji ya ardhini hupanda na kuyafikia mashimo ya vyoo, na mvua nayo husukuma uchafu wa juu hadi chini. Maji yanayofurahiwa kwa wingi wake mwezi wa Mei yanaweza kuwa ndiyo ya kuogopwa zaidi.

Kuna jambo la kusisitizwa kuhusu umbali. Kanuni za afya mara nyingi hutaja mita 15 au 30 kati ya choo na kisima. Kanuni hizo zilikusudiwa ardhi inayochuja. Katika mwamba wenye nyufa hakuna umbali mmoja unaoweza kuitwa salama, kwa kuwa choo kilicho mbali chaweza kuwa juu ya mfereji uendao moja kwa moja kisimani, na kilicho karibu kisiwe.

Kuyachemsha maji au kuyatia klorini huua vijidudu, na ni desturi ya kuendelezwa. Hata hivyo, kuchemsha hakuondoi chumvi, wala hakuondoi naitreti, kemikali itokanayo na kinyesi na mbolea, ambayo Shirika la Afya Duniani limeiwekea kikomo cha miligramu 50 kwa lita. Naitreti ikizidi huwadhuru hasa watoto wachanga wanaonyweshwa maziwa yaliyokorogwa kwa maji hayo. Kwa hiyo sufuria juu ya jiko ni kinga ya nusu. Nusu nyingine iko katika kuulinda mwamba.

Mwisho wa safari

Uchafu usioingia kisimani hauishii hapo. Maji hufuata mkondo, na mkondo wa Kisauni huelekea baharini. Nje ya fuo za Nyali na Bamburi kuna mwamba wa matumbawe ulio hai na nyasi za bahari, ambavyo sehemu yake imehifadhiwa tangu mwaka 1986 katika Hifadhi ya Bahari ya Mombasa. Matumbawe hupenda maji maangavu yasiyo na rutuba nyingi. Yakipokea naitreti kwa wingi, mwani huota haraka na kuyafunika. Mvuvi anayelalamika kuwa samaki wamepungua na mama anayelalamika kuwa kisima kimeharibika wanaweza kuwa wanazungumzia mkondo mmoja, kila mmoja akiwa katika kituo chake. Aidha, mwamba ulio hai leo unanyweshwa na mwamba uliokufa zama zile, na baina yao wamekaa watu.

Hitimisho

Imeelezwa kuwa Kisauni haikosi maji yatembeayo. Imekosa tu kuyaona yakitembea. Mto wa juu ya ardhi hujilinda kwa kuonekana: ukitiwa taka, walio chini ya mkondo huona na hulalamika. Mto wa chini ya mwamba hauna mlinzi huyo, na hivyo unahitaji kulindwa kwa maarifa. Hatua zinazotokana na maarifa hayo si ngeni: vyoo vyenye matangi yasiyovuja mahali mabomba ya maji taka hayajafika, visima vilivyojengewa ukingo na kufunikwa, kupimwa kwa maji ya visima vya umma, hasa baada ya mvua kubwa, mapipa na mabirika ya kuvuna maji ya paa, kama walivyofanya waliojenga Ngome, na kiasi katika kupiga pampu, ili chumvi isipande. Ujenzi wa mifereji ya maji taka ni jukumu la serikali ya kaunti, wala haliwezi kubebwa na kaya moja moja.

Zaidi ya hayo, shule za Kisauni zinaweza kuyafanya maji haya kuwa somo. Mwanafunzi anayefundishwa mito ya mbali kwa majina na urefu wake anastahili pia kuujua ule unaopita chini ya dawati lake. Inatosha apelekwe ufuoni siku ya bamvua, bahari ikiwa imepwa, aonyeshwe kijichirizi kinachovuja mwambani, kisha aulizwe kimetoka wapi na kimepita chini ya nyumba za nani.